Mita Mbili za Kapteni

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye kile kioo ni herufi mbili ndogo pembeni: ft.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, gatini, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba mdogo, ambaye sote tulimwita Kapteni kwa sababu alinunua kofia miezi sita kabla ya boti, alikuwa amefunga kioo kipya cha ramani ya elektroniki karibu na usukani. Mkewe, mama mdogo, alipanda akiwa amevaa jaketi la kuokolea maisha na viatu vipya.

"Nikilowa leo, hata kisigino, boti inauzwa," alisema.

"Kulowa? Kioo hiki kinaonyesha kina cha maji kila mahali! Ona, hapa nane, pale sita. Mita hizo!"

"Baba mdogo," nikauliza kwa sauti ndogo, "hiyo ft ni nini?"

Akacheka mpaka kofia ikahama. "Hiyo ni 'Fundi Tu'. Maana yake, asiye fundi asiguse. Kaa nyuma huko, Profesa!"

Mama mdogo naye akacheka. Nikakaa. Baba yangu ni seremala, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia futi kamba. Upande mmoja iliandikwa cm, upande wa pili ft. Futi tatu hazifiki hata mita moja. Nilijua hivyo, nikanyamaza.

Kapteni aliamua kupita njia ya mkato, kati ya kisiwa na ufukwe. Namba zikashuka: nne, tatu, mbili.

"Mita mbili!" akatangaza. "Hapa hata mimi nikisimama nazama, na kofia juu!"

Boti ikakwaruza, ikakohoa, ikasimama. Mbele yetu ndege mmoja mweupe alikuwa amesimama kwa starehe, maji yakimfika magotini.

"Ziwa limepungua," alisema Kapteni.

"Tangu lini? Tangu tulipokunywa chai?" mama mdogo akauliza. "Boti hii naiuza leo leo!"

Niliipenda sana boti ile. Uvumilivu ukanishinda. "Baba mdogo, hizo ni futi."

Akabonyeza kioo, akabonyeza tena. Ile ft ikawa m, na mbili ikageuka sifuri nukta sita. Akavua kofia.

Aliinua injini, tukashuka wote watatu kusukuma. Mama mdogo alilowa mpaka mapajani. Boti ilipoelea, hakuna aliyethubutu kumtazama. Alikamua sketi yake taratibu, kama anayefikiria bei.

"Haiuzwi," alisema mwishowe. "Ila kwa sharti. Kuanzia leo mtoto huyu anasoma kioo, na penye maji haba anachovya kasia kupima. Wewe shika usukani tu."

"Sawa, bosi," Kapteni akajibu.

Kisha mama mdogo akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, una adabu sana. Lakini kumsahihisha mkubwa kwa heshima si utovu wa adabu. Ukijua jambo, liseme tukiwa bado tunaelea."

"Ndiyo, mama mdogo."

Tulirudi polepole, mimi nikitaja namba, Kapteni akizirudia kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Wote waliamini kwamba nilinyamaza kwa adabu, nami nikawaacha waamini hivyo. Haikuwa adabu. Nilichekwa, nikaudhika, nikataka akwame. Kidogo tu. Baba mdogo, nisamehe.