Taa ya Oili Iliyonyamaza

Kila asubuhi napika vitumbua vya mchele mlangoni petu, juu kilimani Ambanidia. Nikimaliza nabeba beseni langu, naingia kwenye teksi ya mume wangu, tunateremka wote mjini.

Mume wangu anaitwa Rivo. Mimi humwita Baba Fara. Teksi yake ni Reno Nne ya rangi ya maziwa, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Gari hilo limenizidi umri. Kwa Rivo, limenizidi na heshima.

Mwaka juzi injini ilikufa. Tuliuza ng'ombe wawili wa baba mkwe ndipo ikafufuka. Ng'ombe wengine hatuna. Injini ile ikinoki tena, Rivo hana kazi na binti yetu Fara hana shule. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo.

Sasa, madereva wa huku Antananarivo wana mtindo wao. Wakifika kwenye mteremko, wanazima injini. Gari linashuka lenyewe, petroli inabaki. Ufunguo wanauacha nusu, ili taa za breki zifanye kazi. Hapo taa nyekundu ya oili huwaka mbele ya dereva, kwa sababu injini imelala na oili haisukumwi. Na mji wetu ni vilima vitupu. Nani ataogopa taa anayoiona mara ishirini kwa siku?

Jumatatu moja taa ile ikaanza kuwakawaka hata kwenye tambarare, injini ikinguruma. Rivo akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwepo, imefika alama ya juu.

Tukamwita jirani yetu Lalao. Huyu ni mwanamke, fundi wa magari ya zamani. Alijifunzia kazi kwenye karakana ya reli, na mikono yake haijawahi kuwa safi tangu nimfahamu. Akapima msukumo wa oili kwa saa yake ya mshale ya kupimia.

"Injini yako nzima," akasema. "Iliyochoka ni sensa ya oili. Hiki kidude hapa. Kinahisi kama oili inasukumwa, halafu kinaiambia taa. Badilisha. Lakini usinunue ovyo, Rivo. Ningoje Jumamosi twende wote."

"Sawa, fundi," akasema Rivo.

Sawa gani! Kesho yake tu alikwenda sokoni Isotry peke yake. Akarudi na sensa inayong'aa, aliyoiokota kwenye sinia la mchanganyiko, pamoja na skrubu na vitasa. Haikuwa na boksi. Haikuwa na namba.

"Tazama, Mama Fara! Nusu ya nusu ya bei ya dukani."

"Inaingia?"

"Inacheza kidogo. Nitaizungushia tepu."

Akazungushia nyuzi za sensa, zile za kukazia kama za skrubu, tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko mitano. Akakaza. Akawasha gari. Taa haikuwakawaka tena. Rivo akacheka peke yake kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Umeona? Imepona. Lalao anapenda kutisha watu."

Jumatano asubuhi tulipata abiria, Mzee Razafy, anakwenda uwanja wa ndege wa Ivato. Alikaa nyuma na sanduku lake mapajani. Mimi mbele na beseni. Tulipofika kwenye mteremko wa kuingia Analakely, Rivo akazima injini kama kawaida. Gari likateremka kimya.

Nikatazama mbele yake. Kulikuwa kweusi.

"Baba Fara, taa haijawaka."

"Si ndiyo vizuri? Tulitaka isiwake."

"Injini umeizima. Ilitakiwa iwake sasa hivi. Siku zote inawaka hapa!"

"Mama Fara, ikiwaka unalalamika, isipowaka unalalamika. Nikufanyie nini?"

Mimi si fundi, lakini mtu aliyekuwa anajibu kila ukimwita, halafu siku moja akanyamaza, utasema amepona? Huyo amekufa!

Tukafika Analakely, mahali ninaposhukia. Rivo akaachia klachi, injini ikaamka.

"Haya, shuka."

"Sishuki mimi."

"Vitumbua vyako je?"

"Vitauzwa Ivato."

Mzee Razafy akagonga kiti. "Mwanangu, ugomvi wa ndoa mtaumalizia nyumbani. Ndege haingoji mtu."

Tukaendelea. Tulipotoka mjini nikasikia harufu ya oili ikiungua. Kisha mlio. Tik, tik, tik, mwepesi, kama kijiko kwenye kikombe.

"Unasikia?"

"Ni mlango," akasema Rivo. Lakini jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alikuwa amesikia.

"Simama, Baba Fara."

"Zimebaki kilomita tatu!"

"Tukachungulie tu, dakika moja."

"Asisimame!" akafoka mzee. "Taa ya oili haijawaka, mama. Hata mimi naiona."

Ndilo lililonichoma. Taa imekufa, na watu wazima wawili wanaitolea ushahidi.

Mbele yetu mkokoteni wa matofali ukakata barabara. Rivo akafunga breki, gari likasimama kabisa. Sikuomba ruhusa. Nilinyoosha mkono, nikazima, nikachomoa ufunguo, nikautia kifuani ndani ya nguo.

Nyuma yetu honi zikaanza. Rivo akanikodolea macho. "Mwanamke, una wazimu?"

"Ninao. Fungua boneti."

Alifungua. Ubavu mzima wa injini ulikuwa umelowa oili, na oili ilikuwa ikichuruzika kutoka katikati ya ile sensa inayong'aa. Akachomoa kijiti. Kilikuwa kikavu.

Rivo akakaa chini, palepale barabarani. "Ng'ombe wa baba," akasema. Sikuwa na moyo wa kumsuta. Tulimsimamishia Mzee Razafy teksi nyingine. Nilimpa na vitumbua sita vya bure, akavipokea huku ananuna.

Tulikokotwa hadi kwa Lalao. Akaifungua ile sensa na kuitazama mkononi. Nilingoja atukane. Aliuliza tu, "Nani aliweka tepu?"

Rivo akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Sensa hii ina waya mmoja. Umeme unaingia kwa waya, unatokea kwenye chuma cha sensa kwenda kwenye chuma cha injini. Tepu ni plastiki. Umekata njia. Taa haikupona, uliiziba mdomo. Na hapa katikati ilipounganishwa, imeachia kwa joto na msukumo. Imemwaga oili yote, na hakuna wa kukwambia."

"Injini imekufa?" nikauliza.

"Sijui. Hatuiwashi mpaka tuweke sensa ya kweli."

"Niwekee ile ya zamani, fundi," Rivo akaomba. "Nijue leo."

"Ya zamani inasema uongo, hii haisemi kabisa. Unataka kujua, au unataka kutulizwa?"

Tukaenda watatu dukani Andravoahangy. Muuzaji akauliza, "Gari gani?"

"Reno Nne," akasema Rivo.

Lalao akamkanyaga mguu. "Gari ni moja, injini ni nyingine. Marehemu baba yako alibadilisha injini, hii ilitoka kwenye Reno Tano. Mpe namba iliyo kwenye kibati cha injini." Alikuwa ameiandika kiganjani kwa kalamu. Tena akatoa mfukoni sensa ya zamani, ile ya kwanza kabisa.

Muuzaji akaleta moja. Lalao akailinganisha na ya zamani. Nyuzi zilikuwa nene zaidi. Akairudisha. Akaletewa ya pili, nyuzi sawasawa. "Taa inawaka msukumo ukishuka hadi wapi?" akauliza. Muuzaji hakujua, na kwenye chuma hapakuandikwa kitu. Akairudisha.

"Dada, wewe unanunua sensa au unachumbia?" akasema muuzaji.

"Nachumbia. Mchumba asiye na jina simtaki," akajibu Lalao.

Iliyofaa ilikuwa mji mwingine, Antsirabe. Ilichukua siku mbili kufika. Siku mbili hizo Rivo hakula, alikorogakoroga wali. Ilipofika ilikuwa na boksi, jina la mtengenezaji, namba ileile kwenye boksi na kwenye chuma, pete ya shaba ya kuzibia, na stakabadhi ya kuirudisha ikileta shida.

Lalao akasugua tundu la sensa mpaka chuma kikang'aa. Akaiweka na pete yake, bila tepu. Akakaza kwa kiasi. Akachunguza waya, akakata ncha iliyooza, akafunga mpya. Akajaza oili.

"Sasa sikilizeni. Ufunguo nusu, taa iwake. Hapo tunajua sensa na waya ni wazima. Kisha washa injini. Taa izimike yenyewe. Isipozimika mpaka nihesabu kumi, zima. Injini itakuwa imekufa."

Rivo akashuka kwenye kiti. Akaniambia, "Mama Fara, washa wewe."

Nikakaa kwenye kiti chake. Ufunguo nusu. Taa ikawaka, nyekundu kama kaa la moto. Sikuwahi kuifurahia kabla ya siku hiyo.

Nikawasha. Injini ikakohoa, ikashika. Taa bado inawaka.

"Moja," akasema Lalao. "Mbili. Tatu."

Taa inawaka. Rivo alikuwa amefumba macho.

"Nne. Tano."

Ikazimika.

Tukatega masikio. Hakukuwa na tik. Injini ilinguruma tu. Lalao akapima tena kwa saa yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Dakika mbili zaidi siku ile," akasema, "mngekuwa mnauza chuma chakavu." Rivo akaja akainamisha kichwa kwenye bega langu na kulia, mbele ya mafundi wote, na mimi nikalia naye.

Siku hizi tunateremka Analakely injini ikinguruma. Madereva wenzake wanamcheka kwamba ametajirika. Anawaacha wacheke. Kila asubuhi kabla ya kuondoka ananipigia kelele, "Imewaka!" na mara, "Imezimika!" ndipo naingia na beseni langu. Siku itakapowaka njiani atasimama hapohapo, hata abiria awe nani. Ameniapia.

Na ufunguo wa akiba ninao mimi, hapa kifuani.