Aliyeonja Maji ya Nyamitaba

Jumapili moja ya mwaka 1954, saa nne na robo asubuhi, kioo cha kabati la zahanati ya Kashebere kilikutwa kimevunjwa, na chupa moja haikuwapo.

Brigadia Edmond wa polisi alitolewa kanisani kabla misa haijaisha. Aliingia chumbani peke yake. Sakafuni hapakuwa na damu. Mwizi alikuwa amejifunga kitambaa mkononi kabla ya kupiga. Uzi mwekundu wa kitenge ulikuwa umenasa kwenye ncha ya kioo. Dirishani, juani, chupa tisa za maji ya kijani zilisimama vilevile, hazijaguswa.

"Hizi ni nini?"

Léopold, msaidizi wa daktari, alisogea dirishani. "Ni mwani, brigadia. Majani madogo ya ndani ya maji, bila mikroskopu hauione. Niliitoa mu chemchemi ya moto. Maji yake inaua mikrobi ya usaha mu sahani ya kioo. Mu sahani tu! Mu mwili wa muntu, bado."

"Na ile iliyoibwa?"

"Ile ni ingine. Ilitoka mu kiziwa cha Nyamitaba. Ndama zilikunywa pale, zikakufa. Nilikuwa nalinganisha."

"Njo maana ukaifungia kufuli."

"Njo maana nikaifungia kufuli."

Edmond aliliona kosa papo hapo. Dawa ilikuwa dirishani bila ulinzi, sumu ilikuwa kabatini. Katika milima ile hakuna asiyejua kwamba kinachofungiwa ndicho chenye nguvu. Mwizi alikuja kutafuta uzima, akaondoka na kifo, wala hajui.

"Mtu akinywa?"

"Kikombe kimoja kinatosha. Atatapika, kisha ini inaharibika. Pengine anapona. Pengine hapana."

Basi halikuwa tena suala la wizi. Mahali fulani, kikombe kilikuwa kinajazwa.

Alimhoji kwanza mlinzi, mzee Albert.

"Ulikuwa wapi, Papa?"

"Ku misa."

"Na mlango nani aliuchunga?"

"Mungu, brigadia."

"Mungu hakuwa misani?"

Albert akainama kuokota vipande vya kioo.

Edmond akamgeukia muuguzi Godelieve. "Nani alimsumbua Léopold kuliko wote kuhusu dawa hii?"

"Wote. Lakini mwenye shida kubwa ni Adelaïde. Alijikata na jembe, muguu umeoza. Daktari anakuja kesho kutwa kuukata."

"Anauguzwa na nani?"

Godelieve alicheka kwa uchungu. "Na mama mukwe wake, Hélène. Huyo hawezi kuiba hata chumvi kwa ajili yake! Adelaïde anamuita mulozi mbele ya wagonjwa wote. Hélène mwenyewe anajibu: 'Ningekuwa mulozi, ungekuwa unapiga kelele bado?'"

Walipekua vitanda, vikapu, masufuria. Chupa haikuonekana. Adelaïde alikuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni, akasema hajui kitu. Jua lilizidi kupanda. Kila dakika aliyoipoteza ilikuwa ya mtu mwingine.

Uani, penye majiko ya jamaa za wagonjwa, mwanamume mmoja alikuwa anamkaribisha shemeji yake pombe ya ndizi. Alivuta mrija kwanza yeye mwenyewe, akameza, ndipo akampa mgeni.

Edmond alisimama ghafla. Hakuna anayempa mwenzake kinywaji bila kutanguliza kinywa chake. Asiyeonja ni mwenye sumu. Alikuwa anatafuta chupa, kumbe alitakiwa kutafuta mdomo ulioonja kwanza.

"Godelieve! Nani ameshindwa kula leo?"

"Wote wamekula. Ila Hélène. Iko nyuma ya choo, anatapika. Nilizani ni malaria."

Walimkuta amepiga magoti, ameshika ukuta. Ukingo wa kitenge chake chekundu ulikuwa umechanika. Edmond hakumuuliza habari za kioo.

"Mama, ulionja kiasi gani?"

Hélène alijipangusa mdomo. "Kikombe kizima."

"Kwa nini kizima?"

"Nilionja kidogo, Adelaïde akakataa. Akasema mulozi anajua kuonja kidogo. Nikamaliza kikombe mbele ya macho yake. Kisha nikamumiminia yeye."

"Amekunywa?"

"Alisema atangoja. Jua ikifika juu ya paa na sijaanguka, atakunywa. Tumbo ilipoanza kuniuma nilikuja huku, asinione. Dawa kali inatapisha, si njo vile?"

Edmond aliinua macho. Jua lilikuwa juu ya paa.

Alikimbia. Alimkuta Adelaïde ameketi kitandani, kikombe mkononi, amefumba macho, anamalizia alama ya msalaba. Edmond alikipiga kikombe. Ukijani ulitapakaa kwenye blanketi.

"Umekunywa?"

"Bado! Niliomba kwanza."

Wakati wa upekuzi kikombe alikishika chini ya blanketi; chupa ilikuwa chini ya mguu wake uliooza, ambapo hakuna mpekuzi aliyethubutu kugusa.

Hélène alibebwa, akalazwa kitanda cha pili, karibu na Adelaïde, na Edmond akawaambia wote wawili kwamba ile ilikuwa sumu, si dawa. Hélène alikiri bila kulazimishwa.

"Nilivunja mimi. Kanisa ilikuwa inaimba, hakuna aliyesikia."

"Kwa nini, Mama? Huyu anakutukana kila siku."

"Mutoto wangu iko ku migodi, Walikale. Aliniachia muke wake mu mikono. Akirudi, nitamupa muke wa muguu moja? Na huyu akikufa, nani hatasema mimi njo nilimuroga? Mwenyewe alishasema." Akapumua kwa shida. "Nilitaka apone, anitukane akisimama."

Léopold alileta mkaa uliosagwa katika maji ya kuchemshwa, wa kunyonya sumu tumboni. Hélène alikaza midomo. Kikombe cheusi, kutoka kwa mtu ambaye hajakionja: alikataa. Léopold alibembeleza. Edmond aliamuru. Bure.

Adelaïde alishuka kitandani. Alivuka nafasi ile kwa mguu mmoja, mkono ukutani, akakichukua kikombe. Akanywa yeye kwanza, fundo zima, mkaa ukamchafua meno.

"Mama," alisema. "Kunywa."

Hélène akanywa.