Uzi Mwekundu Chini ya Zipu

"Wee! Usiligeuze! Gauni la arusi linageuzwa ndani nje kama gunia?"

Wifi mtu alikuwa amesimama katikati ya duka lake, futi ya kupimia shingoni, macho yamemtoka. Lakini alikuwa amechelewa. Bibi arusi ameshaligeuza.

Na angeachaje? Tangu alipotoka kiwanda cha nguo akaenda kupiga pasi kwa Mzee Dobi, hakuna nguo aliyoinunua bila kuiangalia tumboni. Ndiyo maana watu wakamwita Geuza. Wauza mitumba wakimwona kwa mbali huambizana, "Jamani, Geuza huyo, ficheni pindo!" Na bado walimtolea nguo nzuri, kwa kuwa akinunua harudishi.

Bwana arusi alikuwa kwenye kiti cha plastiki, jasho jembamba linamtoka. Yeye ni Fundi Saa, mtu wa upole, vidole vyepesi. Huyu mwenye duka ndiye dada yake, aliyemlea mama yao alipofariki. Akimwambia kaa, anakaa.

"Wifi yangu, sina ubaya," Geuza alisema. "Nauliza tu. Nani kashona?"

"Limetoka ng'ambo!"

"Ng'ambo kukubwa. Nani?"

"Makubwa haya! Wewe ukinunua mkate unamuuliza mwokaji jina la mama yake?"

Wateja wawili wakaangua kicheko. Fundi Saa naye akacheka kidogo, akauona uso wa mchumba wake, akajifanya anakohoa.

 Kidole cha Geuza kilikuwa kimesimama chini ya zipu. Pale, ndani kabisa ya mshono, palikuwa na fundo la uzi mwekundu, dogo kama kichwa cha kiberiti. 

"Hili halijavuka bahari," alisema polepole. "Limetoka kiwanda kile kile nilichokiacha. Kule kila mshonaji ana rangi yake. Unafunga fundo ndani ya nguo ili likionekana kosa ijulikane akatwe mshahara nani. Mimi nilikuwa kijani. Mwekundu ni Kidoti, rafiki yangu. Mshono wake naujua kama ninavyoujua uso wake."

Wateja wale wawili wakasogea kuchungulia.

"Hata kama!" wifi alisema. "Ni zuri, si zuri?"

"Zuri sana. Kidoti hajui kushona kibaya. Lakini analishona mlango umepigwa kufuli, wifi. Simu zinabaki getini. Chooni mara mbili kwa siku, tumbo likikuuma shauri yako. Mimi sindano ilinipita kidole hiki, wakabandika plasta, wakasema malizia kola. Siku niliyotoka niliapa nguo yao haitanigusa mwilini. Leo niivae siku ya ndoa yangu?"

"Basi utavaa nini? Shuka?"

"Kitambaa cha pamba, rangi ya maziwa. Mikono mirefu. Na mifuko miwili."

"Mifuko! Bibi arusi na mifuko! Unakwenda kuolewa au kukusanya nauli?"

Hapo hata Geuza alicheka. "Leso yangu nitaiweka wapi, wifi? Mimi ni mtu wa machozi."

Wifi hakucheka. "Nisikilize vizuri. Ukumbi nimelipa mimi. Chakula mimi. Mpiga picha mimi, na picha ni za gauni la duka langu. Ukilikataa gauni, umekataa vyote. Mdogo wangu! Sema na mtu wako!"

Macho yote yakamwangukia Fundi Saa. Akaangalia viatu vyake.

"Si... si ulivae tu, mpenzi? Ni siku moja."

Geuza akaligeuza gauni upande wake wa mbele, akalikunja vizuri kama anavyokunja nguo za wateja, akaliweka mezani. Akatoka. Hakubamiza mlango. Mtu mwenye hasira hubamiza, mwenye nia hufunga taratibu.

Kesho yake mchana alimfuata Fundi Saa kibandani kwake. Alimkuta amebana kioo jichoni, saa ya mkononi iko wazi mbele yake.

"Nikuulize," Geuza alisema. "Ukiletewa saa, unaitazama uso wake?"

"Uso unasema nini? Nafungua mgongo."

"Na mimi ndivyo nifanyavyo na nguo. Mbona kwangu inakuwa aibu?"

Akashusha kioo. "Si aibu. Dada ndiye aliyeninunulia bisibisi yangu ya kwanza. Nitamwambiaje hapana?"

"Kwa mdomo. Hujui ulivyo mrefu ule mchana wa kule ndani. Hata saa yao ya ukutani ni mwongo."

"Mwongo vipi?"

"Ya mbao, ina mkia wa shaba unaobembea. Asubuhi msimamizi anaiweka sawa, ikifika jioni imebaki nyuma nusu saa nzima. Kengele ya shule ya jirani inagonga saa kumi, kwetu bado saa tisa na nusu. Ukilalamika unaambiwa angalia ukutani. Miaka miwili hiyo!"

Bisibisi ikamponyoka Fundi Saa, ikaviringika chini ya meza. Hakuiokota.

"Ina... ina mlango wa kioo? Umepasuka pembeni?"

"Ndiyo. Umeijuaje?"

Fundi Saa akakirudisha kioo jichoni, akaiinamia saa iliyokuwa mezani.  Geuza akadhani ndilo jibu lake.

"Haya. Jumamosi ya wiki ijayo, saa nane mchana, ofisi ya msajili wa ndoa. Nitakuwa pale na gauni langu. Ukija, umekuja. Usipokuja, nitalivaa kazini, kwa kuwa lina mifuko."

Akaondoka, na safari hii machozi yalimtoka kweli. Lakini miguu ilimpeleka dukani kwa muuza vitambaa, haikumrudisha nyumbani.

Alishika vitambaa saba. Akavivuta, akavifikicha, akaviangalia kwenye mwanga wa mlangoni. Cha nane ndicho. Jumapili akakipeleka chumbani kwa Kidoti, mwembamba mwenye doti shavuni, mtu wa maneno mengi.

"Mamaa! Gauni lako nimeshalishona mara moja, unataka nilishone tena?"

"Lile ulilishonea kufuli. Hili unishonee mimi. Bei yako?"

Kidoti akapigwa na butwaa. "Bei yangu? Shoga, mimi huwa naambiwa bei. Sijawahi kuulizwa."

"Leo umeulizwa."

Akahesabu kwa vidole, akaitaja kwa sauti ndogo kama anayeungama. Ilizidi akiba aliyoiweka Geuza. Geuza akafikiri.

"Basi lesi ya shingoni tuiache. Mkono wako kwanza, urembo baadaye. Na mishono uiachie nafasi ndani. Nikinenepa tuifumue, sitaki gauni la siku moja."

"Na mifuko?"

"Mifuko hata kwa upanga sitoi!"

Wakacheka hadi jirani akagonga ukuta.

"Na Jumamosi uwe shahidi wangu," Geuza akasema. "Mzee Dobi ni wa kwanza, wewe wa pili."

Kidoti akaacha kucheka. "Jumamosi tunafunguliwa saa saba na nusu, na saa saba na nusu ya kule si ya watu wengine. Hadi nifike, msajili ameshafunga daftari."

"Njoo hivyo hivyo."

Wiki nzima Fundi Saa hakupiga simu. Alhamisi ukaingia ujumbe mmoja tu: "Kuna kitu nakirekebisha. Nisamehe kimya changu."

Geuza akaandika: "Kimya hakivaliki. Jumamosi saa nane."

Ijumaa akapiga wifi. "Hivi wewe umemfanya nini ndugu yangu? Amekuja dukani na kioo chake cha saa, kaligeuza gauni, ananionyesha uzi! Mimi! Ananiuliza, dada, nani kashona?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamfukuza!" Simu ikakatwa.

Jumamosi. Saa nane kasorobo, Geuza alikuwa kwenye benchi la ofisi ya msajili. Gauni lilimkaa kama maji kwenye glasi. Mikono ndani ya mifuko.

"Binti yangu, nguo imenyooka," mzee alisema. "Hata mimi ningeogopa kuipiga pasi."

Karani akachungulia. "Bwana arusi yupo? Shahidi wa pili yupo? Nyuma yenu kuna watu."

"Bado dakika kumi na tano," Geuza alijibu.

Zikabaki kumi. Mlango ukafunguka, akaingia Kidoti anahema, nyuzi zimemganda kwenye blauzi.

"Umetorokaje?"

"Sijatoroka! Kengele imegonga, tukaangalia ukutani, ni saa saba na nusu. Kutoka nje, na dunia nayo ni saa saba na nusu! Jamani, tumesimama getini tunatazamana kama wagonjwa waliopona. Saa imepona, shoga! Muulize mtu wako huyu, nimekutana naye hapo nje."

Nyuma yake, mlangoni, alikuwa Fundi Saa. Suti yake ni ile ile ya siku zote, kiwiko kimetiwa kiraka, na kiraka kimeshonwa vibaya, kwa mkono wa mwanamume.

"Geuza, kabla hatujaingia, nisikilize. Halafu uamue kama nina mke."

"Sema."

"Ile saa naijua. Miaka mitano iliyopita, kabla sijakujua, mtu aliniletea. Akasema inakimbia, niipunguze mwendo. Niliipima. Haikuwa inakimbia. Nikacheka moyoni, nikasema mteja ana wazimu wake. Nikaushusha ule mkia, nikachukua changu." Akaitazama mikono yake. "Sikuuliza kwa nini. Miaka yako miwili, zile nusu saa zako zote, zilipita kwenye mikono hii. Na mimi nikakwambia vaa tu, ni siku moja."

Kidoti akaziba mdomo. Geuza alihisi kama sindano ile imempita tena. 

"Na leo saa imeponaje?"

"Jana nilikwenda kiwandani, nikamwambia msimamizi nimepita kuisafisha bure. Akaniruhusu. Cha bure hakuna anayekigeuza ndani nje. Nikaiweka sawa. Nikatoka pale moja kwa moja kwa afisa wa kazi, nikaandika nilichokifanya, na kufuli nililoliona mlangoni. Nimetia sahihi jina langu."

"Watakufuata."

"Wanifuate. Kibanda changu wanakijua." Akanyoosha kola yake. "Dada pia nimemwambia hapana. Kwa mdomo. Ukumbi hatuna."

"Ukumbi wa nini? Mzee Dobi ana meza ndefu na chai." Geuza akakishika kile kiwiko, akakigeuza, akakitazama kiraka kwa ndani. "Hii nani kashona?"

"Mimi."

"Inaonekana. Mshono ukikosewa hufumuliwa, ukashonwa upya. Kitambaa hakitupwi. Lakini mimi na wewe tutafumua polepole, usidhani leo nimesahau."

"Sidhani."

"Karani!" Geuza akaita. "Bwana arusi yupo. Shahidi yupo."

Wakaingia. Msajili akasoma, wakaitikia, wakaweka sahihi. Leso ikatoka mfukoni, na kweli ilihitajika. Ilimfuta Geuza, ikamfuta Fundi Saa, ikaishia kwa Mzee Dobi.

Walipogeuka, wifi alikuwa amesimama ukutani, mkoba umebanwa kwapani. Hakuna aliyejua ameingia saa ngapi. Akamsogelea bibi arusi, akamzunguka mara moja, akashika pindo la mkono, akalipindua kidogo. Mishono mipana, imelala safi, na fundo moja jekundu, halikufichwa.

"Hata lesi halina," akanung'unika.

"Halina, wifi."

Akakohoa. Akatazama dari. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetoa jino:

"Haya. Nani kashona?"

"Huyu hapa. Muulize mwenyewe."

Kidoti akazipukuta nyuzi kwenye blauzi yake, akanyoosha mgongo.

"Ni mimi, dada. Bei yangu nitakutajia. Ila ungoje hadi mwezi ujao, nina watu mbele yako."