Picha ya Stesheni ya Zamani

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimpelekea bibi yake uji kitandani, na kila asubuhi bibi alianza kwa kuomba picha yake. Ilionyesha stesheni ya zamani ya jiji: saa kubwa juu ya mlango, barabara pana isiyo na magari, na pembeni kijana na baiskeli yake. Stesheni ilibomolewa kitambo. Kijana alikuwa mtoto wa kwanza wa bibi, aliyefariki mwaka uleule picha ilipopigwa, na picha yake nyingine haikuwepo.

Jumanne mwalimu alitangaza mashindano ya picha za jiji la zamani. "Nataka mitaa na majengo," alisema. "Msiniletee shangazi zenu harusini!" Darasa likaangua kicheko.

Kesho yake, bibi aliposinzia, Chiriku aliichukua picha bila kuomba. Alitaka ushindi kufa na kupona. Darasani akashika mkasi, kachu! Mjomba na baiskeli yake wakaangukia kwenye pipa la taka. Stesheni ikawa ya kwanza.

Jioni, Chiriku alipokwisha kuirudisha picha, bibi aliishika, akaigeuza, akaigeuza tena. "Mwanangu yuko wapi?"

Chiriku akajibu upesi: "Ni Kibonge, Bibi. Nimemkuta na mkasi."

Kibonge, mdogo wake wa miaka minne, hakujua hata kujitetea. Mama alimchapa mpaka sauti ikamkauka mtoto wa watu. Bibi akageukia ukutani na uji wa kesho yake hakuugusa. Chiriku, msemaji wa nyumba nzima, akaanza kuwakwepa watu.

Jumamosi Kibonge alisimama mlangoni mwa chumba cha bibi, akaogopa kuingia. "Dada, bibi hanipendi tena?"

Hapo Chiriku alishindwa. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Bibi, ni mimi! Nilimkata mjomba shuleni, akabaki kwenye pipa la taka. Kibonge hana kosa."

"Ala!" Mama alimaka akiingia chumbani. "Kumbe nimempiga mwenzio bure!" Akamshika mkono, wakaenda shuleni mbio.

Mlinzi aliwaonyesha shimo la taka. "Za wiki nzima huchomwa Ijumaa, mama. Mngewahi jana asubuhi." Walichakura majivu mpaka mikono ikawa myeusi tititi. Wapi!

Nyumbani, Mama na Chiriku walimwomba Kibonge radhi. Bibi alimpakata mtoto, akasikiliza habari ya shimo mpaka mwisho. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Sogea, mjukuu wangu," alimwambia Chiriku. "Nimekusamehe, maana umejitaja mwenyewe. Ila sikiliza. Kukosea hakumwachi mtu, na kosa likisemwa mapema hupata dawa. Mkasi ulimtenga tu mwanangu, gundi ingemrudisha. Uongo wako ndio uliomchoma."