Hatua Nyuma ya Mlango

Jamani, nyumba ile mnaijua. Kila jioni seremala alirudi kutoka kazini na vumbi la mbao nyweleni, mkewe akamtania, binti yao akacheka mpaka akasikika barabarani.

Asubuhi moja seremala aliamka akamwomba mkewe auondoe mguu wake. Mkewe hakuwa amemgusa. Mguu ule ulikuwa wake mwenyewe, wa kushoto, umelala pale, naye akiutazama kama wa mtu asiyemjua.

Hospitali walisema ni kiharusi, wakataka arudi kwa mazoezi ya kutembea. Lakini dada mkubwa wa seremala alishikilia kwamba kuna kitu kimemwingia, na kitu hicho kisichokozwe. Basi akafungiwa chumba cha nyuma. Mke alimsukumia chakula mlangoni na kuondoka mbio.

Kisha sauti zikaanza. Mchana kweupe, nyumba kimya, kitu kiliburuzwa nyuma ya mlango: srrr, halafu pu. Srrr, pu. Nanyi majirani mlisikia, mkavuka barabara.

Siku moja binti alichoka kuogopa, akafungua. Baba yake alikuwa amesimama, ameng'ang'ania ukuta, goti likitetemeka, rangi ya ukuta imechubuliwa na kucha zake.

"Baba, ni wewe?"

"Ni nani mwingine, mwanangu?" Ulimi ulikuwa mzito. "Najifunza kutembea."

Binti akahakikisha baba amerudishwa hospitali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hakuwaficha: kifundo cha mguu kilikuwa kimekakamaa kwa kuachwa. Alimvalisha kifaa cha kukishikilia ili vidole visiburuzike, akamzoesha kukaa na kusimama, kuuegemea upande dhaifu, kisha kupiga hatua kati ya vyuma viwili, mkewe akimpigia makofi ya mdundo. Polepole, mguu ukamrudia. Haukurudi wote. Leo anafika dukani kwa mkongojo, anachechemea.

Siku moja mkewe alimuuliza kama mguu ule ulimtisha.

"Mguu haukunitisha," alisema. "Nilikuwa nakuita. Nilikusikia ukihema nyuma ya mlango, na hukujibu."



FUNZO

Ndugu zangu, kiharusi ni ugonjwa wa ubongo, si pepo. Mgonjwa asifungiwe. Mazoezi yaanze mara daktari anaporuhusu, yarudiwe bila kuchoka, na mtu wa nyumbani awe kando yake. Ukisikia mtu anajikokota chumbani, usikimbie. Fungua mlango, umpe bega.