Nyayo za Eligio

Haya yalimpata rafiki yangu Eligio, mchuma kahawa wa huku kwetu milimani. Mkewe, Nurka, alizaliwa visigino vikiwa mbele na vidole nyuma. Watu walimwita ciguapa, yule mwanamke wa msituni ambaye nyayo zake huelekea kinyume na aendako na kupoteza wanaume. Eligio alimpenda hivyo hivyo, na kila jioni alimkanda miguu.

Jioni moja alishuka dukani kununua mafuta ya kumkandia. Alipotoka, ukungu ulikuwa umeleta giza mapema. Mlangoni walisimama binamu yake Fellito na wenzake, wameshika mbwa wa vidole sita, kwani husemwa mbwa wa aina hiyo tu ndiye humkamata ciguapa.

"Binamu, kwa mke kama yule unajua kweli unakoelekea?" Fellito akamcheka. "Leo tunakufuata hadi kwako, tumtoe."

"Naelekea kwa mke wangu. Atakayemgusa atanijua mimi ni nani!"

Akapanda kwa hasira, matope yakilia chini ya viatu vyake. Nyuma yake mbwa alihema. Kisha ule mhemo ukaanza kufifia.

"Fellito! Umeogopa?"

"Tunakuja, tunafuata nyayo zako!" Sauti ilitoka mbali, chini kabisa, kwenye mngurumo wa mto.

Eligio akamulika nyuma kwa tochi. Alama za viatu vyake zilielekea bondeni.

Hakurudi. Akapiga hatua nyingine kadhaa kumwendea Nurka, akamulika tena. Hata alama hizo mbichi, ncha za viatu zilitazama mtoni.