Isale kwa Mwenye Chemchemi

Siku ya tatu mfululizo Anaeli alirudi nyumbani kwake Lemara akiwa na nywele mbichi. Mkewe, Agnela, alimpokea mfuko wa patasi, akamnusa kijanja. Fundi mawe hurudi na vumbi mpaka kwenye kope. Huyu wake alirudi msafi kama bwana harusi. Agnela akili alikuwa nazo, na wivu pia, tena wa kutosha kugawia majirani.

"Leo umeoga wapi?"

"Sijaoga. Nimetoka kazini moja kwa moja."

"Kwani kazini kuna maji?"

"Chemchemi imekauka miaka mingi, Agnela. Si ndiyo tunaitengeneza?"

Ilikuwa chemchemi ya ukumbusho, katika bustani moja mjini Arusha. Anaeli akianza kuieleza, ugali ulipoa. Mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa aliijenga zamani kumkumbuka marehemu mkewe. Birika lake la mawe meusi ya Mlima Meru lilikuwa na pande nane, upande mmoja kwa kila mwaka wa ndoa yao. Katikati ilisimama nguzo, na juu yake uso wa yule mama, maji yakimtoka machoni mchana na usiku. Uso ulielekezwa kwenye mlango wa nyumba ya mumewe, aone kila anayeingia.

"Alimwapia hataoa tena," Anaeli alisema. "Mwaka haukuisha, akaoa. Bibi harusi akakutwa amekufa ndani ya birika, na maji yenyewe ya magotini. Ndipo mzee akayaziba yale macho kwa saruji. Jumatatu nimeyazibua."

"Ukimwambia nini?"

"Maneno ya kazi tu. 'Tulia mke wangu, nikusafishe.' Mafundi tunaongea na jiwe, lisipasuke."

"Mimi hujaniita mke wangu tangu tutoke kanisani," Agnela alisema, akaondoa sahani. Alijua ni aibu kulionea jiwe wivu. Alilionea hivyo hivyo.

Kesho yake mchana, akiwa peke yake, alisikia matone chumbani. Bomba lilikuwa limefungwa. Alipoingia alikutana na harufu ya jiwe bichi, na alipofungua kabati akakuta nguo zake zote zimelowa chapachapa, zake tu, huku mashati ya Anaeli yaliyobanana nazo yakiwa makavu, na godoro upande wake likiwa la baridi na zito, na kwenye picha ya harusi iliyokuwa ukutani, nyuma ya kioo kisicho na ufa, maji yalikuwa yamepanda taratibu mpaka yakaufuta uso wake, yakamwacha Anaeli akitabasamu amemshika mkono mtu asiye na kichwa.

Hakungoja kufunga mlango. Alipanda gari mpaka Tengeru, akakwea kilimani kwa mama mkwe wake, Kandida, akamkuta akipalilia migomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unatetemeka?"

Agnela alisimulia kwa kunong'ona, akitazama nyuma. Kandida akaweka jembe chini.

"Huyo si mtu tena, mwanangu. Ni jini lililojivika wivu wa marehemu." Alikata jani la isale, lile ambalo Wameru huombea msamaha. "Mpe Anaeli alipeleke, maana ndiye aliyemwita mke. Umenisikia? Mwenye kosa ndiye hubeba isale. Likishapelekwa halikataliwi. Lakini ukisamehewa, lazima urudishe ulichochukua. Mwanangu alichukua neno, atarudisha neno. Basi."

Agnela aliitikia. Ila mjini aliiona ile bustani, na moyo ukamchemka. Amwone tu huyo mwanamke, mara moja, kisha aende nyumbani. Hasira hasara, wahenga walishasema, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa na mke mwenza?

Ilikuwa saa tisa, jua linawaka, Anaeli ameshatoka kazini, bustani haina mtu. Uso ulikuwa mzuri kuliko alivyouwazia, umeoshwa kwa mkono wenye mapenzi, na alipokuwa akitafuta tusi la kuutukana, harufu ya jiwe bichi ikampanda puani, akajiziba pua, na lile jani likamtoka mkononi likaangukia ndani ya birika kavu, naye, kwa kuwa tangu utotoni hakuwahi kuona isale likitolewa bila neno lake, akajisikia akisema, "Nisamehe."

Maji yakaanza kutiririka kutoka machoni.

"Nimekusamehe, mdogo wangu," sauti ikasema, karibu na sikio, kwa upole kabisa. "Sasa nirudishie mume wangu."

Agnela alikimbia mpaka Lemara, kiatu kimoja kikabaki njiani. Aligonga geti kwa viganja viwili. Anaeli akafungua. Alimtazama kuanzia kichwani hadi mguu ule usio na kiatu, kwa huruma, kama mtu amtazamavyo mgeni mwenye shida.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

"Anaeli, ni mimi! Agnela!"

Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa, kisha akageukia ndani. "Mke wangu, kuna mama hapa nje analia."

Jikoni kijiko kiliacha kukoroga.

"Mwambie asiogope," sauti ikajibu. "Mimi nilishamsamehe."